Zombi Mwizi wa Bunduki

Kila nikinusa pumba za mpunga zinazoungua, narudi kwenye kile kibanda cha gemu cha Ifakara, kilichoegemea mashine ya kukoboa mpunga, pumba zikichomwa nyuma yake. Mabati yake yalitetemeka mchana kutwa, na pedi za kuchezea zilinata kwa jasho la watoto wa mtaa mzima.

Mimi na dada yangu tulicheza pamoja dhidi ya mazombi. Mmoja wao hakung'ata mtu. Alikuja mbio, akakupokonya bunduki, akatokomea nayo.

"Weka yako chini, mdogo wangu," dada alininong'oneza. "Akikosa cha kuiba atazubaa, mimi nitammaliza."

Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini isiwe yake? Yeye alikuwa na bastola tu; bunduki kubwa ilikuwa yangu. Nikaiweka chini, roho ikiniuma. Mwizi akaja, akasimama mbele yangu kazubaa kweli, na dada akammiminia risasi mpaka akaanguka. Kibanda kizima kilishangilia. Nilipoinama kuokota bunduki yangu, nikakuta bastola yake.

"Zinafanana tu," dada alisema, macho yake kwenye skrini.

Asubuhi hii tumesimama kwenye shamba la marehemu mama, kule Mofu. Jirani anachoma tofali kwa pumba, na moshi unatufikia. Dada ameligawa shamba vipande viwili kwa kamba ya katani.

"Chagua, mdogo wangu," anasema. "Vinafanana tu."

Natazama kwanza miguu yake imesimama upande upi.