Kitabu Alichokiacha Tasing Katikati

Mwalimu Tasing alikuwa mwoga, na sisi majirani zake hapa Iloilo tulimcheka waziwazi. Radi ikipiga, yuko chini ya meza. Kuvuka tu kwenda kisiwa cha Guimaras, ambako mbuzi huvushwa kila siku, hakuweza. Sasa binti yake Lorna, nesi huko Lusaka, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, mume yuko melini, hana mtu. Tiketi ilishakatwa. Mama aende Afrika, akae miezi sita.

Jioni ya kuamkia safari nilikwenda kumsaidia kufunga sanduku. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya vitabu, maana alitunza maktaba ya shule miaka mingi, na bila kitabu hajui mikono yake aiweke wapi. Mdogo wake Epang, anayeishi naye, alikuwa akivikagua.

"Nyoka wenye sumu. Homa za nchi za joto. Huduma ya kwanza porini. Dada, unaenda kumkanda mzazi au kuwinda?"

"Lazima nijue kinachoua."

"Lusaka kuna lifti na foleni za magari! Chukua cha kuchekesha, we dada, utawatisha abiria wenzio."

Tasing alivirudisha rafuni, akabaki na kimoja: riwaya ya mapenzi, jalada limefifia. Hicho Epang hakukifanyia mzaha. Mtaa mzima unakijua kitabu kile.

Kwetu mtu akiondoka wenzake wakiwa bado mezani, wanaobaki huzungusha sahani zao ili afike salama. Asubuhi ya mwisho ya mumewe Isko, alipoinuka kuwahi boti, Tasing alikuwa amezama katika kitabu hicho. Aliitikia "haya" bila kuinua macho, sahani ikabaki ilivyo. Boti haikufika. Tangu hapo hakukifungua tena, na nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusafiri kabla vyombo havijaoshwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nitakimalizia huko," alisema. "Nikifika."

Asubuhi mambo yakaharibika, na aliyeyaharibu ni mimi. Daraja lilikuwa limefungwa, ilibidi tuzunguke mbali, kwa hiyo nilipiga honi ya pikipiki yangu yenye kigari cha abiria ubavuni wakati ndio kwanza wameanza kula wali wa kukaanga na samaki mkavu.

"Hatujamaliza kula!" Tasing alipiga kelele.

"Mwalimu, ndege haimsubiri mtu!"

Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na kweli nilidhani haendi tena. Epang akaangua kicheko.

"Nenda, dada! Kwani sahani ina usukani?" Wala hakuigusa sahani yake.

Tasing akatoka, akapanda kigarini. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki aliponishika bega.

"Kitabu! Nimekiacha mezani. Nifuatie wewe. Mimi nikishuka hapa sipandi tena."

Ndani nilimkuta Epang, yule yule mwenye dhihaka, akizungusha sahani. Alizungusha yake na ya dada yake, akafungua kabati akazitoa zile safi, nazo akazizungusha, mpaka kibakuli cha paka. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Usimwambie," alisema. "Akijua na mimi naogopa, hatakwenda."

Nikamwahidi, nikachukua kitabu.

Tasing alikipokea bila kunitazama. Alikibana kifuani, na kigari chote kilikuwa kikitetemeka pamoja naye.

"Amezungusha?"

Ahadi ni deni, nalijua hilo. Lakini na huyu mama nilimwonea huruma.

"Zote, mwalimu," nikamwambia. "Hata ya paka."

"Haya, twende," akasema, akakifungua kitabu pale alipokuwa amekunja ukurasa asubuhi ile ya Isko.