Malori ya Barabara ya Kibirichia

Juzi, mjini Meru, niliona njia mpya ya baiskeli na ya wanaotembea kwa miguu, nikamkumbuka marehemu baba.

Alasiri moja nikiwa mdogo, mimi naye tulitoka soko la Kibirichia kwa baiskeli, mimi nikiwa kwenye keria, pua yangu karibu na shati lake lililonuka udongo wa viazi. Kila lori liliponguruma nyuma yetu, baba alishuka upesi na kuivuta baiskeli hadi majanini. Nilidhani anayapisha kwa heshima, kama wanavyopishwa wazee, nami nikayapungia mkono.

“Baba, mbona hayatusalimu?”

“Yana haraka, Kendi,” alijibu, akinishika mguu. Aligeuka kutazama nyuma, ndipo akapanda tena.

Sasa najua aliogopa. Niliitembea njia ile mpya polepole, nikitamani kumwona baba akiendesha bila kugeuka nyuma.