Chupa ya Sonara

Tusidanganyane: nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza alipoingia uwanja wa ndege wa Tabora. Mimi nilikuwa napakia mizigo pale tangu ndege za Waingereza zilipoanza kuja kila wiki, na mgongo wangu ndio shahidi. Yeye alitoka shule ya misheni na suruali iliyonyooshwa, akafanywa karani juu yangu. Kwa umri alikuwa mdogo wangu, basi kila asubuhi, "Shikamoo, kaka," kwa adabu zote. Hata hiyo shikamoo ilinikera. Heri angenidharau, nipate sababu.

Siku moja sonara wa mjini alileta chupa ya tindikali, ile ya kupimia dhahabu, ipelekwe kwa mwenzake Mwanza. Karani akaifunga mwenyewe ndani ya sanduku la mbao, akaizungushia mchanga mkavu, akabandika karatasi nyekundu ya hatari. Mimi nikacheka. Babu yangu wa Kwihara alikuwa mpagazi. Alitembea hadi pwani na chupa za watu kichwani, amezitia kwenye pumba za mpunga, wala hakuvunja hata moja. Nikayasema hayo mbele ya wapakiaji wote. Mtoto wa vitabu atufundishe kufunga mizigo sisi Wanyamwezi?

"Babu hakubeba hii, kaka," akajibu taratibu. "Tindikali hii ikigusa pumba inawasha moto. Na kule juu hakuna pa kukimbilia."

Wenzangu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi.

Kesho yake karani alikuwa apande ndege ileile ya kubeba sanduku lile kwenda Mwanza kujifunza kazi, akae nyuma ya rubani pamoja na mizigo. Mimi miaka yote ile niliingia ndani ya ndege na gunia begani, nikatoka. Basi asubuhi, alipokwenda kuvaa koti lake la safari, nilifungua sanduku, nikamwaga mchanga nyuma ya ghala, nikajaza pumba. Sikutaka kumuua, Mungu ananijua. Habari za moto sikuziamini. Nilitaka chupa ifike salama, halafu nimuulize: umeona, bwana karani?

Tulipakia, jua likawaka juu ya bati la ndege, rubani akimalizia chai yake. Karani alikuwa ameshakaa ndani. Nilikuwa nafunga mlango wa mizigo harufu kali iliponikaba koo, na kati ya mbao za sanduku nikaona moshi wa rangi ya kahawia: tindikali ilikuwa imevuja kwa joto. Yeye alikuwa amegeukia dirisha la upande wa pili, anatabasamu kama bwana harusi.

Nikanyamaza. Rubani akaja, akapanda, akakaa kwenye kiti chake, nami bado nimenyamaza. Nilisema moyoni: mwache aende. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema. Kisha sijui nini kilinisukuma, nikapiga kelele washuke, moto.

Rubani aliruka chini. Karani hakushuka kwanza. Alilikumbatia lile sanduku, akaja nalo mpaka mlangoni, akalitupa majanini, likawaka hapohapo. Mikono yake iliungua hadi viwikoni.

Bwana mkubwa wa uwanja alipoona pumba zilizoungua aliuliza nani kafunga mzigo ule. Nilisubiri jina langu. "Ni mimi, bwana," karani akasema, amekaa chini, mikono ameinyoosha mbele. Akafukuzwa siku hiyohiyo, na kazi yake nikapewa mimi.

Mtu angedhani kijicho kingekwisha. Wapi! Mji mzima ulimzungumza yeye, aliyebeba moto kwa mikono mitupu. Mke wangu mwenyewe alimpikia uji. Nikamwonea wivu hata kwa vidonda vyake.

Alipopona akarudi kwa wazazi wake Urambo, kulima tumbaku. Miezi ikapita, nikashindwa kuvumilia, nikapanda treni nikamfuata. Nilimkuta shambani, vidole havikunjiki vizuri.

"Ulijua ni mimi," nikamwambia.

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulinificha?"

"Una watoto, kaka. Halafu ungeweza kunyamaza, nikafia angani, na mtu asijue." Akanitazama bila kinyongo chochote. "Lakini wewe ulipouona moshi tu, ukapiga kelele."

"Ndiyo," nikamjibu. "Nilipouona tu."