Mjumbe wa Ipagala

Mume wangu walimuua bomani kwa sababu ya herufi moja. Nasema herufi kwa kuwa sasa najua kuandika, misheni walinifundisha ukubwani. Wakati ule ilikuwa ni kufumba midomo kidogo tu kabla ya neno kutoka.

Akida, mtumishi wa Wadachi, alifika Ipagala na askari wawili tukiwa tunapura uwele. Alikuwa mtu wa pwani na Kiswahili chake kilikwenda mbio. Sisi Wagogo tulikuwa tumekiokota kwa wapagazi wa misafara, neno hapa neno pale, na tulijiona tunakijua. Akasema Mdachi wa bomani anataka tuchague jumbe wetu, wenyewe, kwa hiari yetu.

Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti katika kaya zetu zote, akasikia “mjumbe”. Sote tulisikia hivyo. Mtu wa kutumwa, wa kupeleka maneno bomani na kurudi nayo. Kama ni hivyo, kulikuwa na haja gani ya kubishana? Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda Bahi kuchukua chumvi, na kesho yake jua halijazama yuko mlangoni na mzigo wake.

“Huyu hapa,” baba mkubwa akasema, akimsukuma mbele. “Huyu hachoki.”

Watu wakacheka. Mimi nikapiga vigelegele kuliko wanawake wote, na mpaka leo nikikumbuka natamani kuung'oa ulimi wangu.

Mwezi haujaisha, boma likataka wanaume ishirini wa kuvunja mawe ya reli. Mume wangu akaleta habari kwa baba mkubwa, akakaa chini kungoja jibu. Jibu likawa hakuna atakayekwenda. Akaondoka nalo mbio, masikini, akalisema mbele ya Mdachi vizuri bila kuacha neno. Wakamlaza juu ya pipa, wakamchapa viboko ishirini na vitano.

“Nani kakwambia ulete maneno?” akida akamwuliza akicheka. “Wewe ndiye mkubwa wao. Lete watu!”

Alirudi nyumbani akijishika ukutani. Ngozi ya mgongo ilikuwa imegandamana na shuka, nikailowesha kwa maji na samli, na kila nilipovuta aliuma mkono wake mwenyewe ili watoto wasisikie. Hapo ndipo alipoanza kunieleza lile neno, kwamba jumbe ni mkubwa wa watu, si mjumbe wa kutumwa. Nilimwambia tukimbie. Akasema wakimkosa watachoma nyumba zote za tembe.

Basi akatoka na askari kukamata watu. Huko Kizota vijana aliokuwa akila nao sahani moja walimvamia kwa marungu. Wakamvunja mkono. Mmoja alimpiga mgongoni, pale pale penye kidonda, huku akimwita mbwa wa Wadachi. Walipatikana wanaume sita tu. Boma likamchapa tena ishirini na vitano, juu ya vidonda ambavyo havijafunga.

Nilikwenda kwa baba mkubwa nikapiga magoti. “Baba, lilikuwa kosa la neno. Mwambie akida mlikosea. Wakimchapa mara ya tatu atakufa.”

“Kukosea tulikosea,” akasema. Akainuka kwenda kutazama ng'ombe wake.

Lakini akida mwenyewe alirudi. Jumbe huyu ni dhaifu, alisema, Mdachi ametupa ruhusa ya kuchagua tena. Watu wawili wakakalishwa chini kwenye uwanja wa ng'ombe, na kila mwanaume akaambiwa asimame nyuma ya amtakaye. Mmoja alikuwa mume wangu. Wa pili alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, mwenye ng'ombe, mwenye ndugu wengi, mwenye mgongo mzima. Safari hii hakuna aliyesikia vibaya.

Baba mkubwa alisimama, akazungumza Kigogo ili akida asielewe. “Mwanangu hajawahi kuguswa. Huyu ameshazoea.”

Nilikuwa na mchi mkononi. Nilimpiga nao begani, nikasikia mfupa ukilia, na sijutii. Nilipouinua tena, askari alinigonga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nilitema meno mawili, na watu niliowapikia kwenye misiba yao walinitazama nikiyaokota.

Wanaume wakaanza kusogea, mmoja mmoja, macho chini. Wote walikwenda upande mmoja. Nyuma ya mtoto wa baba mkubwa kulikuwa na vumbi tu, na yeye alikuwa akilia kwa furaha bila haya.

Mume wangu hakugeuka. Mkono wake uliovunjika ulikuwa mapajani, na nzi walikuwa wamejaa mgongoni mpaka nyama haionekani. Nilivunja tawi, nikapita katikati ya wanaume wale, nikasimama nyuma yake na kuanza kufukuza nzi.

Akida alipita akihesabu, akimgusa kila mtu kwa fimbo. Alipofika kwangu akanigusa na mimi.

“Mimi ni mwanamke,” nikamwambia, damu ikinitoka.

“Umesimama nyuma yake,” akasema, akaendelea na hesabu.

Ningeweza kuondoka. Lakini kila nilipouteremsha mkono, nzi walirudi.