Kulipia Kitu cha Bure

"Mama Safi ananilipia nini?" Papa, yaani baba yangu, aliniuliza hivyo miaka ya vita, nikiwa msichana wa chuo kikuu, nikisomea uchumi hapa Kisangani, na nilikosa jibu. Si kwamba sikujaribu. Nilitoa majibu kadhaa, akayakataa yote bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Mwanangu, swali hilo limenirudia kwa sababu yako. Umeniandikia kwamba kuna kijana ametengeneza mchezo wa simu, yeye peke yake, bila kampuni nyuma yake, na ameuweka kwa namna mbili: anayetaka auchukue bure, anayetaka alipe, na mchezo ni uleule. Wenzako wanakuambia kulipa ni ujinga. Unataka kujua mimi nasemaje. Subiri kidogo. Mtu mzima akiulizwa jambo la leo, hana budi kwanza apitie la jana.

Wakati ule boti za kutoka Kinshasa hazikupanda tena mto. Mafuta yalikuja kwa ndege na bei yake ilikuwa ya kutisha, magari yakalala, na mji mzima ukahamia nyuma ya baiskeli. Ndipo zilipozaliwa toleka, baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma, zinazobeba abiria mpaka leo. Karibu na soko kuu palikuwa na duka la kuchapisha na kunakili karatasi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, na sote tulimwita Tonton, yaani mjomba. Mpwa wake, Faustin, ndiye aliyetuchapia kazi zetu za chuo. Jenereta ikiwaka na kazi ikiwa haba, Faustin aliitumia mashine ya kuchapia, kompyuta ya duka, kutengeneza mchezo. Alijifunza ufundi huo katika kitabu cha Kifaransa alichoachiwa na padri mmoja aliyeondoka.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa toleka. Unaendesha baiskeli kutoka sokoni mpaka daraja la Tshopo, nyuma umembeba mama mwenye beseni la samaki kichwani. Ukifunga breki ghafla, samaki wanamwagika na mama anakutukana. Kuna mashimo, kuna mbuzi, kuna vizuizi vya askari. Basi. Ukifika darajani mchezo unaisha, kwa kuwa Faustin alikuwa amefika hapo tu. Alitaka toleka ivuke pia mto mkubwa, ipande mtumbwi mpaka Lubunga, ng'ambo ambako wakati mwingine hata sisi wenyewe tulikatazwa kwenda.

Unakuja na disketi yako, Faustin anakunakilia, unakwenda. Kando ya mashine aliweka kopo tupu la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko. Mwenye kupenda alitia chochote. Asiyetia alipata mchezo uleule.

Mimi kopo lile lilinisumbua. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, hata sala ya chakula, na pale dukani waliniita Mademoiselle Juu-ya-nini, yaani Binti Kwa-nini. Siku moja nilimkuta Faustin amezungukwa na wanafunzi waliokuja na disketi zao. Mmoja wao, wa udaktari, alikuwa ameshatoa noti mfukoni.

"Faustin," nikasema, "kama kitu iko bure, juu ya nini unaweka kopo?"

"Kopo iko ya mwenye anapenda."

"Na mwenye hapendi?"

"Yeye acheze tu. Nani anamukataza?"

"Donc mwenye kulipa anapata nini yenye mwenye halipi hapati?"

Faustin akafikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Hapati kitu," akasema.

"Bon. Basi mwenye kulipa kitu ya bure, analipa ujinga yake."

Wakacheka wote. Hata Tonton, aliyekuwa akihesabu rimu za karatasi, alicheka. Yule wa udaktari naye alicheka, akairudisha noti mfukoni.

Nakusimulia jambo hili bila kujipiga kifua wala kujilaani. Kwa mantiki nilikuwa sahihi, na hata leo sioni pengo katika hoja ile. Lakini wahenga walisema maneno ni kama mate, yakitoka hayarudi. Tangu siku hiyo watu walilitazama kopo wakacheka, na hakuna aliyetaka kuonekana mjinga mbele ya wenzake, kopo likabaki tupu. Tonton, ambaye siku zote alivumilia mafuta ya jenereta yanayokwenda kwenye baiskeli ya mchezo isiyobeba mtu, akamwita Faustin mbele yetu na kumwambia kwamba mwezi ukiisha bila mchezo kujilipia mafuta yake, anaufuta kwenye mashine. Mashine ni ya kuchapa barua. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na watoto saba na jenereta moja.

Faustin hakunilaumu. Aliendelea kuninakilia kila alipotengeneza kipande kipya, na mimi niliendelea kucheza kila nilipoikuta mashine wazi. Alichobadilisha ni kitu kimoja: alilisogeza kopo nyuma ya mashine, pasipoonekana.

Sasa nikueleze habari za papa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na serikali ilikuwa imesahau mshahara wake tangu zamani. Kila asubuhi alivaa shati lake la kola na kwenda kufundisha. Wazazi wenye uwezo walileta chochote: mihogo, mkaa, sabuni. Katika shule nyingine mtoto asiyeleta alirudishwa nyumbani. Katika darasa la papa hapana. Aliyeleta na asiyeleta walikaa benchi moja. Mama Safi, mama wa Safi, mtoto mmoja wa darasa hilo, alilima mpunga upande wa barabara ya Opala, na kila alipofanikiwa kuvuka mto alituletea mfuko wa mchele, ameufunga mdomo kwa kitambaa chekundu. Mchele huo ndio uliotulisha, na ndio uliokuwa ukinisomesha uchumi.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo nilifika nyumbani na kusimulia habari ya kopo na onyo la Tonton, nikidhani papa atafurahia akili yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe unaicheza hiyo mchezo?"

"Kila siku, papa."

"Unaipenda?"

"Papa, kupenda si hoja."

Akasahihisha daftari moja, akaliweka kando. Ndipo akauliza: "Safi ninamufundisha kuliko wenzake?"

"Hapana."

"Basi Mama Safi ananilipia nini?"

Nikasema labda anaogopa mtoto atafukuzwa. Papa akasema hajafukuza mtoto hata mmoja, na Mama Safi anajua. Nikasema analipa heshima. Akasema heshima ingetosha kwa salamu. Nikasema labda hajafanya hesabu vizuri. Hapo mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, akaacha mchi, akaniambia nije nitwange mimi, kwa kuwa hesabu zangu zimeshaiva. Papa akatabasamu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakunikemea. Ningependelea anikemee, kwa sababu kemeo unaweza kulijibu.

Jumapili iliyofuata tulikula sombe kwa muhogo. Nilimuuliza mama mchele uko wapi, naye akasema umekwenda. Niliona jibu hilo halina maana, lakini nilikuwa na njaa kuliko udadisi, nikaendelea kula.

Mwezi ukaisha. Nilipita dukani nikitarajia kuona barua tu kwenye kioo cha mashine, nikamkuta Faustin anachora mtumbwi wa mchezo. Tonton akasema mtu amelipia mafuta ya mchezo ya kutosha muda mrefu. Nilimuuliza ni nani. "Juu ya nini unataka kujua?" akanijibu, duka zima likacheka. Toleka ikavuka mpaka Lubunga. Vita vilipopungua, Faustin alichukuliwa kazi Goma kwa sababu ya mchezo ule, kwani mwajiri mmoja aliukuta umekamilika na hakuamini kwamba ulitengenezwa katika mji usio na mafuta.

Mwanangu, haya ndiyo ninayokuambia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi methali sizikubali mpaka nizipekue, na hii nimeipekua miaka mingi, nikaona inasimama, ila inahitaji nyongeza. Kama huna, cheza bila aibu. Aliyekufungulia mlango alijua utaingia mikono mitupu, na hakukuwekea mtego. Kama unacho, na mchezo huo umeurudia leo na kesho, lipa. Usilipe ili kununua mchezo, maana mchezo unao tayari. Lipa ili aliyeutengeneza aweze kuumaliza, na ili yule asiye na kitu aendelee kuupata bure. Bure haishuki kama mvua. Kuna mtu anaibeba. Papa angefunga darasa lake kama kila mzazi angefanya hesabu kama zangu.

Na kwa vyovyote, usimcheke anayelipa. Uamuzi wa mfuko wako ni wako, lakini usitie mdomo wako katika mfuko wa mwenzako. Hilo ndilo jambo pekee ambalo nina uhakika nalo. Mengine endelea kuyahoji, nami nitakusikiliza.

Mungu akupe mikono inayotoa bila kupiga baragumu, akupe na watu wa kukubebea pale utakapokuwa mtupu. Kazi ya akili yako isikose wa kuipenda.

Swali la papa sikupata kumjibu akiwa hai. Kwenye matanga yake Faustin alikuja kutoka Goma, kichwa kimeshaota upara, akaketi karibu nami. Ndipo aliponiambia kwamba ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi papa alifika dukani amepakiwa nyuma ya toleka. Alikataa kuonyeshwa mchezo, akasema macho yake yamezoea madaftari. Alimwambia Tonton kwamba binti yake ameucheza sana, kisha akamkabidhi mfuko wa mchele, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa chekundu.