Kipimo Chako Bado Tunacho

Aliyenifundisha kutengeneza tovuti hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa fundi wa mavazi, mwenye chumba kimoja cha kushonea mtaani Asiatique, katika mji wetu wa kando ya ziwa, kati ya duka la magodoro na la vipuri vya baiskeli. Ukoo wake ni Waislamu wa mji wa zamani, na sote tulimwita Mama, hata waliomzidi umri.

Miaka ile ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nilishuka mjini kila asubuhi kutoka Gasenyi, kule vilimani, baada ya jirani aliyetangulia kurudi na kusema njia ni shwari. Nilikuwa na nusu ya riwaya ndani ya daftari, na marafiki wanne tuliosomeana kazi zetu Jumamosi mchana katika sebule moja ya mtaa wa Rohero. Nilikuwa pia na kitabu cha Kifaransa cha kufundisha kurasa za mtandao, nilichoachiwa na mgeni mmoja aliyeondoka kwa haraka. Nilikisoma mara tatu. Niliamini kwamba anayejua kuandika sentensi nzuri, tovuti haiwezi kumshinda.

Shangazi yangu, ambaye alishonewa kwa Mama tangu ujana wake, ndiye aliyenipeleka. Hali ilikuwa hivi: maharusi wa mikoani hawakuja tena kwa sababu ya barabara, na wateja wa mjini walikuwa wameondoka mmoja mmoja, huyu Ubelgiji, yule Kanada, yule Nairobi. Cherehani mbili kati ya nne zilikuwa zimefunikwa shuka. Mama alikwisha kumwambia mwenye nyumba kwamba Idi ikipita atarudisha ufunguo na kuhamia kwa dada yake Kigoma. Shangazi akamwambia wale walioondoka wote wana intaneti huko waliko, na mtoto wa kaka yake anaijua kazi hiyo. Siku ile Ramadhani ilikuwa imeingia siku ya tatu. Tulikuwa na mwezi usiotimia.

Nilikwenda na daftari, nikamhoji Mama kama kitabu kilivyoagiza. Kila tovuti ya biashara, kilisema, haikosi ukurasa wa Sisi ni Nani.

Mama aliyarudia maneno yale polepole, akinitazama. "Sisi ni nani. Mwanangu, kuna mutu anauliza vile kwa heri?"

Fundi mwenzake, mwanamke aliyevuka kutoka Uvira na ambaye mdomo wake ulikwenda sawa na cherehani yake, hakuinua macho. "Andika tu, dada. Sisi ni wale walibaki."

Walicheka, nami nikacheka, lakini nilielewa. Swali lile liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kuna waliolijibu wasirudi nyumbani. Nikaliruka. Nilipouliza saa za kufungua, Mama alisema wanafungua Mungu akipenda. Nilipouliza tuandike duka liko wapi, alitaka kujua kwa nini mtu asiyemjua aujue mlango wake. Sikushangaa hata kidogo. Kwetu pia tulikwisha kujifunza kutosema tunakwenda wapi, tunarudi saa ngapi, nani yuko ndani. Hatukuiona tena kuwa ni hofu. Tuliiona kuwa ni adabu.

Basi nikaijaza nafasi ile tupu kwa uzuri. Niliandika juu ya sindano inayopita katika kitambaa kama mvua ya kwanza inavyopita katika vumbi. Niliweka picha kubwa ya ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, kwa kuwa nilidhani mtu aliye mbali hutamani mandhari. Niliwasomea marafiki zangu wa Jumamosi maneno yale, na mmoja wao alifumba macho kwa kuguswa.

Mwenye duka la intaneti kule Rohero hakufumba macho. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, Mkristo, mtu wa chai, na aliniruhusu kutumia mashine moja asubuhi kabla wateja hawajajaa. Aliifungua tovuti yangu, akangoja. Picha ilishuka mstari kwa mstari, kama pazia linaloteremshwa na mtu anayesinzia.

"Dada, chai yangu imeisha," alisema mwishowe, "na bado niko kwenye kilele cha mulima."

Ziwa lilipotokea alisoma maneno yote, maana alikuwa mtu wa haki. Kisha akaniuliza jambo moja: akitaka gauni, afanye nini hapo?

Nilitazama kioo cha kompyuta. Hapakuwa na la kufanya. Hapakuwa na mahali, wala saa, wala anwani ya kuandikia. Chini kabisa palikuwa na kihesabu cha wageni, kikionyesha kumi na moja, na tisa kati ya hao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejenga nyumba kwa mtindo wetu wa vita: ukuta mzuri usio na mlango.

Nilirudi Asiatique kwa miguu, nikiwa na aibu ya kuona kwamba sentensi zangu hazikumfaa mtu. Mama alikuwa akipanga vitambaa vyake ndani ya masanduku. Nilikaa kwenye kigoda, nikatazama ukuta.

Ukuta ule niliuona tangu siku ya kwanza bila kuutazama. Ulikuwa na ubao mrefu wenye misumari, na kila msumari ulikuwa na uzi. Mama hakutumia futi ya kupimia. Alimpima kila mteja kwa uzi wake: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, na ncha ya uzi ikawa urefu wa gauni. Ndivyo mama yake alivyopima. Majina hayakuandikwa. Kichwani mwa kila uzi kulifungwa kipande cha kitenge cha nguo ya kwanza aliyomshonea mwanamke huyo, na Mama aliwajua wote kwa vipande hivyo. Vita vilipokuja, hata sisi tuliojua kuandika tuliona kwamba mji hauhitaji orodha nyingine ya majina.

Nilimuuliza wenye nyuzi zile wako wapi. Akaonyesha kwa mkasi. Huyu Kanada. Huyu sijui. Huyu Ubelgiji, alikuwa na maringo. Huyu sijui. Huyu alikufa. Huyu sijui.

"Na wao wanajua nyuzi zao bado ziko hapa?"

Mkasi ukasimama. "Wataambiwa na nani?" alisema.

Nilifuta kila kitu. Niliyafuta maneno ya mvua na vumbi, nikalifuta ziwa, na nakiri kuwa nilichelewesha kidole. Tovuti mpya ingekuwa na mstari mmoja juu: Kipimo chako bado tunacho. Chini yake vipande vya vitenge, vidogo vidogo ili vifunguke upesi, na chini kabisa mahali pa kuandika ujumbe. Mwanamke angekiona kipande chake na kukijua, na mwingine yeyote angeona viraka tu.

Shida ilikuwa skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Ilikuwa kwa yule mwalimu kule Rohero, na Mama hakukubali nyuzi zitoke. Nilimweleza kwamba ni saa mbili tu na zitarudi. Alijibu kwamba kila aliyeondoka alisema atarudi. Siku mbili hatukuelewana, na Ramadhani ilikuwa ikisogea. Siku ya tatu nilimkuta amevaa mtandio wake wa kutokea, nyuzi zote zimelazwa ndani ya kapu kwa mpangilio wa misumari, na taulo juu yake. Alikuwa akizisindikiza mwenyewe.

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Mwalimu alipoliona kapu na mwenye kapu alikiweka kikombe chake chini ya meza. Mama alimwambia anywe tu, mfungo ni wa aliyefunga. Kisha alisimama karibu na skana asubuhi nzima, akinipa uzi mmoja, akipokea uzi mmoja, na hakumpa mwalimu hata mmoja aushike.

Shangazi aliwaandikia anwani ya tovuti wachache aliojua waliko, waambizane. Ilipita wiki bila neno. Nilifungua kisanduku cha ujumbe kila asubuhi, na kila nilipofika dukani fundi wa Uvira alinitazama mikono, kana kwamba barua ya kompyuta hubebwa. Masanduku ya vitambaa yalizidi kujaa. Siku ya nane ujumbe ulikuwapo, mistari miwili, bila jina. Niliunakili kwenye karatasi, nikaenda Asiatique nusu nikikimbia, nikawasomea: "Kile cha manjano chenye alama ya pasi ni changu. Nishonee gauni la harusi ya mwanangu, lakini nimenenepa, ongeza vidole vinne."

Mama alikwenda ukutani, akauteremsha uzi wa kipande cha manjano, akaunyoosha mezani. Aliweka vidole vyake vinne baada ya fundo la kiuno. Akavitazama. Vilikuwa vyembamba, vimekonda kwa sindano na miaka.

"Muulize," alisema, "vidole vya nani."

Nilirudi Rohero nikauliza. Jibu lilikuja kesho yake: "Vyako, Mama. Vyangu navyo vimenenepa."

Fundi wa Uvira alicheka hadi akaegemea cherehani. Mama hakucheka. Alifungua sanduku la juu, akaanza kutoa vitambaa.

Kabla ya Idi waliandika wengine watatu, mmoja akitaka nguo za mabinti zake pia, ambao vipimo vyao alivichora kwa kalamu kwenye uzi akautuma na msafiri. Si wengi, lakini cherehani ya tatu ilivuliwa shuka. Siku mbili kabla ya sikukuu Mama alinituma nimwambie mwenye nyumba kwamba ufunguo anakaa nao. Kisha aliniita, akaniambia nichukue kalamu, niandike ule ukurasa niliouruka.

"Sisi ni mafundi wa Asiatique," alisema, na kusita. "Mulango wa kijani, kati ya magodoro na baiskeli. Tunafungua saa mbili."

"Mungu akipenda," akaongeza yule wa Uvira.

"Hiyo andika pia."

Miezi kadhaa baadaye nilimshauri tuondoe vipande ambavyo hakuna aliyevidai, vilivyokuwa vingi kuliko vilivyodaiwa, ili ukurasa ufunguke upesi zaidi. Kitabu kilisisitiza hivyo. Mama aliniuliza kama, nikichelewa kurudi nyumbani, ningependa kukuta wamekwisha kutoa kiti changu. Sikuviondoa. Ukurasa ulibaki mzito, na mwalimu wa Rohero aliendelea kumaliza kikombe chake akiungoja.