Mkwaruzo wa Urefu wa Kiganja

Nakumbuka Jumatano moja ambayo niliamka nikiimba, mwanangu, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuimba. Nilikuwa na umri kama wako, naishi Voi kwenye nyumba za reli alikoniacha baba, na moyo wangu ulikuwa umetangulia mbele ya miguu. Ijumaa ya wiki ile nilikuwa naanza kazi ambayo sikuwahi hata kuiota.

Watafiti wa ndege walikuwa wanakuja kukaa Rukanga miezi sita, kuangalia ndege wa mlima Kasigau. Walitaka gari moja na dereva mmoja, na katika madereva wote wa Voi walinichagua mimi, Wafula, niliyezoea kubeba kabeji na maharagwe kutoka Wundanyi. Miezi sita ya kuamka ukijua unakwenda wapi. Walinidai kitu kimoja tu: barua ya mwenye gari, kwamba ameruhusu gari lake libebe watu na lilale Rukanga.

Umesikia nimesema mwenye gari. Hapo ngoja nikueleze, maana ndipo penyewe. Ile Probox nyeupe haikuwa yangu. Nilikuwa nimeikodi kwa mwaka kutoka kwa Mwalimu Mkamburi, mwalimu mkuu mstaafu aliyekaa kule juu Wundanyi. Kukodi gari kwa mwaka si kama kuazima jembe. Unaliosha, unalijaza mafuta, unalipeleka kwa fundi likikohoa, watu wa stendi wanaliita gari la Wafula, na baada ya miezi michache na wewe unaanza kuwaamini. Mkataba wetu aliuandika Mwalimu kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama watoto gwaride. Mstari mmoja ulisema: gari likipata jambo lolote, dogo au kubwa, niambiwe kabla halijaguswa. Nilitia sahihi bila kuuliza kwa nini aliweka lile neno "kabla".

Basi Jumatano ile nililipeleka gari kwa fundi wangu, Kilonzo, kubadilisha oili na kuangaliwa breki. Kilonzo alikuwa fundi hodari, mcheshi, mwenye gereji ya mabati karibu na barabara kuu. Nilikaa nje nakunywa chai, nawaza Kasigau. Mara nikamsikia.

"Wafula, kuja uone. Lakini kwanza usinipige."

"Umefanya nini?"

"Si nimesema usinipige? Kuja."

Alikuwa amelirudisha gari nyuma kulitoa, na kule nyuma kulikuwa na fremu ya geti aliyokuwa akiichomelea. Juu ya gurudumu la nyuma la kushoto palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja, na katikati yake kibonyeo kidogo ambacho ungeweza kuweka shilingi ikakaa.

"Ni mimi," Kilonzo akasema. "Nilikuwa naangalia upande ule mwingine, na upande ule mwingine ulikuwa sawa kabisa."

Mtu mzima amekosea na amekiri papo hapo. Nilikuwa na simu mfukoni. Kilichobaki ni kumpigia Mwalimu na kumwambia hivyo hivyo. Lakini nilikuwa na barua ya kutiwa sahihi kesho yake, na kichwani nilimwona Mwalimu akisema, kama huwezi kulinda gari Voi utalilinda vipi Kasigau. Hofu yangu ilimtungia maneno ambayo mwenyewe hajayasema.

Kilonzo akaona sijaigusa simu. "Kesho si unapanda kwa Mwalimu? Nipe saa mbili. Nanyoosha, napaka puti, napiga rangi. Hatajua hata avae miwani ya jirani juu ya yake."

Nikasema, "Anza."

Neno moja tu, mwanangu. Na mkataba uko palepale kwenye dashibodi, umekunjwa.

Puti ni ule udongo ambao mafundi hujazia kibonyeo, ukikauka unasuguliwa kwa msasa hadi ulingane na bodi. Kilonzo aliupaka vizuri, akasugua, akapiga rangi nyeupe. Tukarudi nyuma hatua tano kuangalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyeupe si moja. Nyeupe ya gari lile ilikuwa imekaa juani miaka, imekuwa kama meno ya mnywaji chai. Kiraka chetu kiling'aa kama jino la mtoto.

"Tuvute rangi mpaka mlangoni," Kilonzo akasema, "macho yachanganyikiwe."

Tukavuta. Sasa mlango wa nyuma ukang'aa, wa mbele ukaonekana mchafu. Tukapaka na wa mbele. Kufikia saa kumi na moja jioni upande wote wa kushoto ulikuwa mpya na wa kulia ni ule wa zamani. Jamaa wa kuziba pancha, jirani yake Kilonzo, alilizunguka gari polepole akauliza, "Hizi ni gari mbili zimefunga ndoa?"

Tungeachia hapo. Lakini mtu akishaanza kuficha, akili yake inakuwa kali kwa namna ya kijinga. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Kilonzo, vumbi." Niliwaza nikilipaka vumbi kidogo, ule mng'ao utafifia. Nilisahau mambo mawili: rangi ilikuwa haijakauka, na vumbi la Voi ni jekundu. Lilinata. Upande wa kushoto ukawa kama tembo aliyetoka kujigaragaza. Kilonzo alikaa chini kwenye tairi akacheka hadi machozi, nami nikacheka, tukachukua msasa na thina ya kuyeyushia rangi tukaanza upya. Nakuambia ukweli, tulikuwa tunafurahi. Makosa mengine yanafanywa kwa furaha kabisa.

Alhamisi asubuhi nikashika njia ya Mwatate, nikapanda zile kona za Wundanyi, ubaridi unaingia dirishani, nami nafanya mazoezi ya uso wa mtu asiye na neno. Mwalimu alinipokea uani, sweta mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Wafula. Umeleta hiyo barua ya ndege wako?"

Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, hilo lilinichoma. Alichukua kalamu, akaja kwenye boneti, akaweka karatasi juu. Halafu, kama mwenye mali yeyote, akazunguka gari kwanza. Upande wa kulia alipita tu. Upande wa kushoto akasimama. Akainama, akagonga mlango wa mbele kwa kidole. Ko, ko, ko. Mlango wa nyuma, ko, ko. Akafika juu ya gurudumu, penye puti. Pu.

Akagonga tena. Pu.

Aliponiangalia, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wafula, umemgonga nani?"

Sikuelewa hata swali. "Sijagonga mtu, Mwalimu."

"Ng'ombe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Pikipiki basi. Niambie tu kama aliyekuwa juu yake yuko hai."

Nikamweleza yote, haraka haraka, maneno yanakanyagana: fremu ya geti, mkwaruzo wa kiganja, puti, rangi, hata vumbi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama upande ule mzima, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma.

"Mkwaruzo wa kiganja," alisema. "Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Hii haitoki."

"Naapa, Mwalimu."

"Usiape. Sikiliza. Jana ungenipigia, ningeona mkwaruzo, ningekasirika nusu saa, ningekunywa chai. Leo naona rangi. Chini ya rangi naweza kuweka kila kitu ninachoogopa, na wewe huna cha kunionyesha. Niliandika 'kabla' nikidhani umeelewa."

Akaichukua karatasi kutoka kwenye boneti, akaikunja. Hakupiga kelele. "Siwezi kuandika kwamba gari hili libebe watoto wa watu kwenye njia za Kasigau, na sijui limepigwa wapi. Hilo usiniombe."

Mwanangu, unaelewa alichosema? Alikuwa hanikomoi. Alikuwa anawalinda watu asiowajua. Na mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimepaka puti shahidi wangu wa pekee. Ule mkwaruzo mdogo ndio ungenitetea.

Watafiti walikuwa wanafika Rukanga kesho yake saa mbili asubuhi. Niliomba ruhusa, nikasogea kando ya ua, nikampigia Kilonzo.

"Niko kwa Mwalimu. Anafikiri nimeua mtu."

Nikasikia amezima mashine ya kuchomelea. "Nakuja," akasema.

Alikuwa na magari matatu gerejini siku ile, wenyewe wamekaa wanasubiri. Aliyaacha. Alipanda gari la abiria, kisha pikipiki, akafika na mfuko wa vyombo begani na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe uliyepaka?"

"Ni mimi niliyekwaruza, Mwalimu. Na ni mimi niliyepaka. Nimekuja kubandua."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akavaa miwani. "Bandua nikiona."

Kilonzo akapiga magoti. Alianza na msasa mkavu, rangi ikatoka kama unga. Kisha akachukua kikwangulio. Sote watatu tuliinama pale, vichwa karibu vigongane. Puti ilionekana nene kuliko nilivyokumbuka, nami nikaanza kuingiwa na wazimu: je, kama kibonyeo kilikuwa kikubwa, na ni mimi niliyejidanganya? Kipande kikabanduka. Kingine. Kisha ukatokea mng'ao wa chuma, na Kilonzo akapangusa kwa kitambaa.

Mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Na katikati, kibonyeo.

Mwalimu akaweka kidole gumba chake ndani. Kikajaa.

Alimwonyesha Kilonzo mlango wa nyuma, sehemu mbili, na wa mbele, sehemu mbili, naye akasugua kote mpaka ile nyeupe ya zamani ikatokea, haina puti wala kasoro. Mwalimu alisimama taratibu akishikilia mgongo.

"Ninyi wawili," alisema, "mmeharibu upande mzima wa gari langu ili kuficha kidole gumba."

Kilonzo akaangalia chini. "Ndiyo, Mwalimu."

"Na vumbi mkapaka."

"Hilo ni la Wafula."

Hapo ndipo Mwalimu Mkamburi alipocheka, akacheka akishika boneti, nami nikajua naweza kupumua. Lakini usidhani alituachia. Alimketisha Kilonzo mezani, akampa karatasi, akamwambia aandike alichofanya, siku gani, sehemu gani ya gari, na kwamba ataitengeneza siku Mwalimu atakayosema, mbele yake. Kilonzo akaandika, akatia sahihi. Mimi nikaandika yangu, kwamba nilijua na nikanyamaza. Ile yangu ilikuwa ngumu zaidi, ingawa ilikuwa na maneno machache. Pale penye chuma Kilonzo akapaka praima ya kijivu kuzuia kutu, basi, na Mwalimu akasema pabaki hivyo hadi miezi sita iishe. Ndipo akaikunjua barua yangu na kuitia sahihi.

Tuliteremka zile kona Kilonzo akipiga ngoma kwenye dashibodi, mimi nikiimba tena wimbo wa jana kwa sauti mbaya zaidi. Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa Rukanga. Mama aliyewaongoza watafiti alilizunguka gari, akasimama kwenye lile doa la kijivu.

"Hapa pamekuwaje?"

"Fundi alikwaruza Jumatano akilirudisha nyuma. Mwenye gari ameona. Hii hapa karatasi ya fundi."

Akasoma, akarudisha, akaanza kupakia darubini zake. Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu. Nilisimama pale na mlango wazi, nashangaa kwamba ni hicho tu nilichokuwa nakikimbia.

Sasa, mwanangu, wewe umekodi gari juzi na nimekuona unavyolipangusa. Kabla hujamwachia fundi ufunguo, lizungukeni pamoja, upige picha kila upande, naye akuone ukipiga. Hata asipokuwa mwongo, siku ina mambo mengi na mtu husahau. Akiharibu kitu, usimtukane, na usimruhusu akiguse. Piga picha palepale, mwombe aandike kwa mkono wake, umpigie mwenye gari saa ileile, kabla hofu haijakutungia hadithi. Mwenye mali ndiye wa kusema litengenezwe wapi na lini, hata kama ni doa la ukucha. Atakasirika, ndiyo. Mwache akasirike juu ya kitu kidogo anachokiona.

Na ukikuta umekwisha kuficha, kama mimi, usiongeze rangi. Rudi ubandue mbele yake. Usimsahau pia fundi atakayeacha kazi yake apande mlima kwa ajili yako. Kilonzo ndiye anayetengeneza magari yangu hadi leo.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe kazi itakayokufanya uamke unaimba, akupe watu wakweli wa kuifanya nao, na akulinde barabarani, kutoka Maungu hadi Salaita, wewe na kila utakayembeba.